Robo ya Dunia Kumfuata Gaudiosa

Simu ilimkuta Kristiana shambani, upande wa bondeni wa Kaengesa, akipalilia ulezi pamoja na mumewe Baltazari. Ilikuwa Februari. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo ulikuwa unanata kwenye jembe. Namba yenyewe ilikuwa ndefu, haikuanza kwa tarakimu alizozizoea, na mara ya kwanza aliiacha ikalia mpaka ikakatika. Ilipolia tena Baltazari akamwambia, "Pokea, mama Evans. Huenda ni Sista."

Sista nyumbani kwao alikuwa mmoja tu: Gaudiosa, dada yake Kristiana, mtawa aliyekuwa Brazili kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini sauti iliyotoka kwenye simu haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Shikamoo mama. Naitwa Sista Jenifa. Naishi nyumba moja na dada yako huku Sao Paulo."

"Marahaba, Sista. Dada yangu ana nini?"

Sista Jenifa hakuzunguka. Gaudiosa alikuwa amepata kiharusi wiki kadhaa nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu ulianza kurudi, na madaktari walikuwa wameshamruhusu kutoka hospitali. Tatizo lilikuwa kusema.

"Mwanzoni tulidhani hawezi kusema kabisa," alisema Jenifa. "Baadaye tukagundua anasema sana, ila sisi ndio hatumwelewi. Kireno kimemtoka. Kiswahili nacho kimemtoka. Mimi ni Mhaya, mama, nikimsalimia kwa Kiswahili ananitazama kama mgeni aliyepotea njia. Kuna neno moja tu tunalolishika. Kristiana. Masista wa huku wakadhani anamwomba Mtakatifu Kristina, wakamwekea picha yake karibu na kitanda, wakaanza na novena. Juzi ndipo nikakumbuka kwamba aliwahi kuniambia ana mdogo wake."

Kristiana alikuwa ameshapiga magoti katikati ya ulezi bila kujua. "Nipe niongee naye," alisema.

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi ya mtu, halafu Gaudiosa. Alikuwa anaongea Kifipa. Sicho kile cha likizo, cha mtu anayetafuta maneno yaliyomchacha mdomoni. Kilikuwa Kifipa cha nyumbani, cha haraka, cha msichana anayeita kutoka uani. Giza linaingia, alikuwa anasema. Kristiana yuko wapi? Mwambieni aache maji, arudi nyumbani.

"Dada," akajibu Kristiana kwa Kifipa. "Nipo hapa."

Kisha Jenifa akarudi hewani na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, amecheka. Tangu augue hajacheka."

Baltazari alikuwa amesimama na jembe lake, haelewi. Kristiana alibaki amepiga magoti, simu imetulia kwenye mapaja, akitazama mashina ya ulezi mbele yake kana kwamba dada yake alikuwa ameita kutoka ng'ambo ya tuta.

Gaudiosa ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Kristiana akiwa bado anabebwa, na Gaudiosa, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuvunja ungo, alimfunga mgongoni na kwenda naye kila mahali: kisimani, kanisani, kwenye kupura ulezi. Wito wa utawa alikuwa nao mapema, wote walijua, lakini aliwaambia masista wa misheni wamsubiri. Alisubiri mpaka Kristiana alipomaliza darasa la saba. Ndipo akaenda, na baada ya miaka ya malezi shirika likampeleka Brazili kufundisha watoto wadogo. Alirudi nyumbani mara mbili tu. Mara ya pili ilikuwa kumzika baba yao. Siku ya kuondoka Kristiana alilia, na Gaudiosa akamwambia, "Unalia nini? Ni siku moja na kitu kwa ndege." Kristiana aliyachukua maneno hayo kama yale ambayo mtu humwambia mtoto anayelia.

Wiki nzima baada ya simu ile wakawa wanaongea kila mchana. Kwa Gaudiosa ilikuwa asubuhi. Halafu mambo yakaharibika. Gaudiosa alikuwa akiisikia sauti ya mdogo wake chumbani na hamwoni mtu, akawa anainuka kumtafuta nyuma ya mlango, kwenye kabati, chini ya kitanda. Siku moja akaanguka na kupasuka juu ya jicho. Daktari akasema simu isimame. Siku iliyofuata Sista Jenifa alipiga kwa niaba ya mkubwa wa nyumba yao. Wangelipa nauli ya kwenda na kurudi, na mambo ya viza wangesaidiana na masista wa Dar es Salaam. Swali lilikuwa moja tu, kama mama angeweza kuja.

Kristiana alikuwa hajawahi kuvuka Mbeya. Huko alikwenda mara moja, kutibiwa macho. Ndege alizijua kwa chini tu, zile zinazopita juu sana zikiacha mstari mweupe, na siku hizi alikuwa akiwaona mafundi wakishindilia lami kwenye uwanja wa Sumbawanga kila alipokwenda mjini sokoni. Alisema atakwenda kabla hajamtazama mumewe. Alipomtazama, Baltazari alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Baltazari alikuwa amestaafu udereva wa lori. Maisha yake yote alibeba saruji na samaki kati ya Sumbawanga na Kasanga, na kwake barabara ile ndiyo ilikuwa kipimo cha dunia. Aliomba simu.

"Sista, samahani. Kutoka Dar mpaka huko kwenu ni kilomita ngapi?"

Jenifa akamwambia kwamba ndege haiendi moja kwa moja, inapitia Adis Ababa, na kwa njia hiyo ni karibu elfu kumi na mbili. Baltazari akashukuru, akarudisha simu, akakaa juu ya tuta. Akahesabu kwa vidole.

"Ni Kasanga kwenda na kurudi mara hamsini na zaidi," alisema mwishowe. "Hiyo ni kazi yangu ya mwaka mzima, mama Evans. Wewe utaimaliza kwa siku mbili."

Pasipoti, viza na sindano ya homa ya manjano vilikula miezi miwili. Mwezi wa nne ukingoni, Kristiana alipanda basi la Mbeya akiwa na sweta, vitenge viwili vipya na mfuko wa unga wa ulezi alioutwanga na kuuchekecha mwenyewe. Baltazari alimsindikiza mpaka uwanja wa Songwe. "Msalimie Sista," alisema, akamkabidhi mfuko.

Ndege ilipoanza kukimbia Kristiana alifumba macho. Alipoyafumbua, mashamba yalikuwa yamekuwa viraka na barabara uzi. Alisikia tumbo lake likibaki nyuma kidogo, kisha likamfuata. Njia ambayo watu wa kwao huimaliza kwa basi wakiwa wamevimba miguu, aliwaambia wenzake baadaye, iliisha kabla hajajua la kufanya na kikombe cha juisi. Milima ilipita, ikapita nchi kavu yenye rangi ya ngozi ya simba, halafu kwa mbali kitu kikang'aa, na akaelewa kwamba ile ni bahari na kwamba Dar ndiyo hiyo.

Sista Edith, mtawa wa shirika lile lile, alimlaza kwao na alfajiri akampeleka uwanjani. Alimfundisha mara tatu jinsi ya kufuata alama za Adis Ababa, akawaomba wafanyakazi wa ndege wamwangalie. Safari hiyo jua lilichomoza upande wa kulia na likabaki hapo hapo, na Kristiana, aliyelelewa kujua mashariki na magharibi bila kuuliza mtu, alitambua kwamba wanakwenda kaskazini. Brazili iko magharibi, alijua hilo. Alikaa na wasiwasi huo peke yake mpaka waliposhuka. Adis Ababa kulikuwa na baridi kama ya Ufipa mwezi wa saba na harufu ya kahawa kila pembe, na msichana aliyevaa sare alimshika mkono na kumpeleka mpaka mlango wa ndege ya pili.

Hiyo ilikuwa kubwa kuliko kanisa. Kristiana alikaa dirishani. Jirani yake alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, na aliposikia Kristiana akijinong'oneza kwa Kiswahili, alimgeukia uso mzima.

"Mama, unatoka Tanzania? Upande gani?"

"Sumbawanga. Kaengesa."

"Basi sisi ni majirani. Mimi natoka Moba. Asubuhi kukiwa safi, tunaionaga milima yenu ng'ambo ya ziwa."

Jina lake lilikuwa Elia, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, chenye mikia yake. Alikuwa akienda Sao Paulo kununua nguo za kuuza, na alikuwa amekwenda mara nyingi kiasi kwamba alipewa mto na wahudumu bila kuomba. Alimwonyesha Kristiana jinsi ya kuwasha kioo kilichokuwa mgongoni mwa kiti cha mbele. Kulikuwa na ramani, na juu yake ndege ndogo nyeupe.

"Hii namba hapa ni kilomita zilizobaki," alisema Elia. "Karibu elfu kumi. Dunia nzima ukiizunguka kwa tumbo lake ni elfu arobaini. Kwa hiyo leo, mama, sisi tunakula robo ya dunia. Bila kushuka."

Kristiana akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Waliondoka saa nne asubuhi. Kwa muda mrefu kulikuwa na mawingu. Yalipofunguka, chini kulikuwa na kijani kizito kisicho na shamba wala bati, kimekunjamana kama blanketi. Elia akasema ile ni nchi yake. Kristiana alikuwa akiijua Kongo tangu utoto, kama mstari wa milima ya buluu unaoonekana ukisimama ufukweni mwa ziwa, na siku zote alidhani mstari huo ndio Kongo yenyewe. Walikula, wakaondolewa sahani, akasinzia, akaamka. Chini ilikuwa bado Kongo. Mito ilikuwa imejiviringisha humo, kahawia, mikubwa, haijulikani inatoka wapi. Akawaza ni watu wangapi wako chini ya miti ile wanaopika wakati huu, wanaogombana, wanaozaa, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mama wa Kaengesa amewapita juu ya vichwa.

Halafu nchi ikakatika. Kukawa na ukingo mweupe mwembamba, na baada yake maji.

Alianza rozari. Alisali matendo ya furaha, ya uchungu, ya utukufu, akaongeza ya mwanga, na alipotazama kioo ile ndege nyeupe ilikuwa imesogea upana wa kidole. Kilichomtisha zaidi kilikuwa jua. Kwa hesabu ya tumbo lake ilikuwa jioni, kuku wa nyumbani walikuwa wanaingia bandani, lakini jua lilikuwa limekaa palepale juu ya bawa, kama mtu aliyekataa kuondoka.

"Limesimama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jua linakimbilia magharibi, na sisi tunalifuata," alisema Elia. "Linatushinda mbio. Lakini halituachi sana."

Kristiana aliegemeza paji la uso kwenye dirisha. Hakuwa na neno la jambo lile. Alikuwa ameshuhudia mambo makubwa maishani mwake, vizazi na vifo na nzige wa mwaka mmoja, lakini yote yalikuwa na ukubwa ambao mtu anaweza kuusimulia jikoni. Hili halikuwa na pembeni. Maji yalikwenda mpaka yakageuka mbingu. Na akamfikiria Gaudiosa akiwa msichana wa utawa, amekaa peke yake mahali kama hapa, hajui Kireno hata neno, akipita juu ya haya yote kwenda kwa watoto wa watu asiowajua. Miaka yote Kristiana alisema dada yangu aliondoka. Neno hilo sasa lilionekana dogo mno. Mtu huondoka kwenda Chala, huondoka kwenda Mbeya. Aliyevuka hapa amefanya jambo lingine, na nyumbani hawakuwahi kumpa pole ya kutosha wala pongezi.

Walitua mchana wa jua kali. Saa ya ukutani ilisema saa kumi alasiri. Simu ya Kristiana, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa, ilisema saa nne usiku. Aliziangalia zote mbili na akaona kwamba zote zinasema kweli.

Kwenye ukaguzi wa mizigo, mtu mwenye glavu aliutoa mfuko wa ulezi, akaunusa, akatikisa kichwa na kuuweka kwenye pipa. Kristiana hakuwa na lugha ya kumweleza. Aliagana na Elia, akatoka mlangoni mikono mitupu, na hapo akamkuta msichana mrefu aliyevaa shela la kijivu, akipiga goti la salamu katikati ya umati wa watu.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Twende."

Nyumba ya masista ilikuwa pembezoni mwa mji, juu ya kilima, na mji wenyewe haukuwa na mwisho. Walipofika masista sita, wengi wao wazee, walikuwa wamejipanga varandani. Kristiana alipeana nao mikono bila kuwaona sawasawa. Jenifa akamfungulia mlango.

Gaudiosa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kichwa wazi, nywele zimekuwa nyeupe na fupi kama za mtoto. Juu ya jicho kulikuwa na kovu jipya. Alimtazama mdogo wake kwa utulivu, na kwa Kifipa akasema, "Umechelewa. Muda wote huo ulikuwa mtoni?"

Kristiana alisimama pale akiwa bado anasikia ngurumo za ndege masikioni. "Nimechelewa, dada," alisema. "Njia ilikuwa ndefu."

"Maji yako wapi?"

"Yamemwagika."

"Si neno. Njoo ukae."

Akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Masista walikuwa wamejazana mlangoni. Jenifa akaomba kwa upole aambiwe kilichosemwa. Kristiana akamwambia kwa Kiswahili, Jenifa akakigeuza Kireno, na sista mmoja kibogoyo akaketi kwenye kiti cha karibu na kujifunika uso kwa mikono yake.

Jioni hiyohiyo mambo ya wiki nyingi, ambayo kwenye simu hayakuwahi kufika, yalimalizika kwa muda mfupi. Lile neno ambalo Gaudiosa alilirudia kila asubuhi, ambalo sista mmoja aliliandika akidhani ni sala, lilikuwa kuomba uji utiwe chumvi. Sentensi ndefu ya usiku ilikuwa kwamba miguu yake ina baridi. Na alipokuwa akipiga ukuta kwa kiganja, alikuwa anauliza nani amewafungia watoto nje. Kristiana alisikiliza, akasema, Jenifa akasema, na watu wakaenda kutafuta chumvi na soksi.

Lakini Gaudiosa hakuwa Brazili. Kichwani mwake alikuwa Kaengesa, msichana mwenye mdogo wa kulea. Aliuliza kama baba amerudi kutoka misheni. Aliuliza habari za ndama. Daktari, mama mwenye miwani aliyefika kila wiki, alieleza kupitia kwa Jenifa kwamba wasibishane naye, na pia wasimdanganye. Mama amwambie tu habari za kweli, taratibu, kila siku.

Kristiana alifikiri ni habari gani ya kweli aanze nayo, na aliyokuwa nayo kubwa ilikuwa moja. Akaanza kumsimulia safari.

Mchana wa kwanza hakufika hata Mbeya. Gaudiosa alimkatiza kuuliza nani alikuwa kwenye basi, Laela mvua ilikuwaje, na kama ulezi ulikuwa umechanua. Siku ya pili walifika Songwe, na Gaudiosa akacheka Kristiana alipomwambia alivyofumba macho. Masimulizi yalikwenda polepole kuliko ndege, polepole kuliko lori la Baltazari. Dar ikachukua mchana mzima. Adis Ababa ikachukua siku mbili kwa sababu ya kahawa. Jenifa, akimaliza kazi zake, alikuwa akija kusimama mlangoni, haelewi Kifipa, anasikiliza tu mdundo wake.

Siku ya Kongo, Gaudiosa alisikiliza macho yakiwa nje ya dirisha. Siku iliyofuata Kristiana alifika ukingoni.

"Nchi ikaisha," alisema. "Kukawa na maji. Mto, dada, usio na ng'ambo. Tukaenda, tukaenda, na jua halishuki."

"Huo si mto," alisema Gaudiosa.

"Ni nini?"

Gaudiosa akakunja uso. Mdomo wake ulitafuta kitu, ukakikosa, ukakitafuta tena. "Oceano," alisema.

Jenifa alisogea hatua moja ndani ya chumba. "Mama," alinong'ona, "hicho ni Kireno."

Gaudiosa hakumsikia. Alikuwa anamtazama mdogo wake, na safari hii alimwona: mikunjo usoni, mvi chini ya kitambaa, mikono ya mwanamke mtu mzima.

"Umevuka bahari?" aliuliza. "Wewe, Kristiana?"

"Nimevuka."

"Kwa hiyo tupo Brazili."

"Tupo Brazili, dada. Tupo nyumbani kwako."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kwa muda alionekana kuhesabu vitu ndani yake, kimoja baada ya kingine, na Kristiana akaona uso wake ukibadilika kabla ya neno kutoka.

"Basi baba amekufa."

"Amekufa. Ulikuja ukamzika. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nakumbuka," alisema Gaudiosa. "Udongo ulishika kwenye viatu vyangu. Nilipanda navyo ndege hivyo hivyo, sikuvipangusa."

Alilia, na Kristiana alilia naye, na Jenifa akafunga mlango akiwaacha.

Baada ya siku hiyo Kireno kilianza kurudi, vipande vipande, kwanza majina ya vitu vya darasani, chaki, kengele, dirisha, kisha majina ya watoto. Kiswahili kilirudi mwisho, na kilirudi kikiwa na lafudhi ambayo Jenifa alisema ni ya Wafipa wazee. Masista nao walijifunza Kifipa cha kuombea maji na cha kuuliza kama umelala vizuri, wakikitamka vibaya kwa moyo wote. Kristiana alipata unga wa mahindi wa njano dukani, akapika ugali ambao rangi yake ilimshangaza, na nyumba nzima ikala kwa mikono. Mwezi wa sita ukaja na baridi, baridi ileile ya nyumbani, na akavaa sweta lake uani akiwatazama watoto wa shule wakicheza.

Lakini Gaudiosa ndiye ambaye hakuacha kushangaa kwamba Kristiana amevuka bahari. Mara nyingi, katikati ya kazi nyingine, alikuwa akimtazama mdogo wake. "Robo ya dunia," alikuwa akisema, kwa sababu Kristiana alikuwa amemwambia maneno ya Elia. "Nimeipita mara tano na sikuwahi kujua ni robo. Nilikuwa nikilala." Na alikuwa akimgusa mkono, kama mtu anayehakiki kitambaa.

Viza ilipokaribia kwisha, mkubwa wa nyumba alimwita Kristiana na Jenifa. Akasema kama Sista Gaudiosa anataka kurudi Tanzania kupumzika, shirika litampa ruhusa. Kristiana alipeleka habari hiyo mwenyewe, akijitahidi sauti yake isimwelekeze dada yake upande wowote.

Gaudiosa alitazama ukutani. Kulikuwa na michoro ambayo watoto walimletea, jua lenye miguu, sista mwenye kichwa kikubwa.

"Nilikusubiri wewe mpaka ukamaliza darasa la saba," alisema. "Hawa wako darasa la kwanza."

Kristiana hakubishana. Aliumia, na usiku akamwambia Mungu hivyo bila kuficha, lakini asubuhi alianza kufunga mizigo.

Siku ya kuondoka Gaudiosa alisisitiza apelekwe uwanjani. Walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mahali ambapo wasio na tiketi hawaruhusiwi kupita. Aliinuka hapo, akamshika Jenifa bega, akasimama kwa miguu yake mwenyewe akiwa amevaa shela. Hakumwambia Kristiana kwamba ni siku moja na kitu. Alimwambia, "Ni mbali sana, mdogo wangu. Ahsante."

Kristiana alirudi akiukuta ulezi umeshavunwa, na uwanja wa Sumbawanga ukiwa na mstari mweupe katikati. Kwa wiki nyingi watu walikuja kumtembelea kusikia habari za ndege, na aliwasimulia vizuri, lakini kuna pahali alipofika siku zote sauti yake ilishuka na akawa anatazama mbali, na watu wakajifunza kumwacha hapo mpaka arejee.

Daktari aliruhusu simu tena. Siku hizi wanaongea kila Jumapili. Kristiana hupiga akitoka misa ya pili, jua liko utosini, kengele ya Kaengesa imeshanyamaza, na sufuria ya maharage iko motoni. Kule kwa Gaudiosa ndiyo kwanza kunapambazuka. Huwa bado yuko kitandani, sauti ina usingizi, na huuliza kwa Kifipa, "Huko siku ikoje?"

Kristiana humweleza: upepo kidogo, mawingu upande wa milima ya Mbizi, watu kanisani walikuwa wengi, Baltazari ameumwa na mdudu gani sijui, ana hasira tangu asubuhi. Gaudiosa hucheka. Halafu Kristiana humwambia ainuke, atie mguu wa kulia chini kwanza kama daktari alivyosema, na hungoja hewani mpaka asikie fimbo yake ikigonga sakafu.